Jeni moja, majina manne, namba mbili: niandike lipi?

SWALI

Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili hapa Morogoro, nafanya utafiti wa mpunga wenye harufu, aina za Supa na za Kyela. Jeni ninayoifuatilia nimeikuta kwa jina la fgr kwenye makala moja, Badh2 kwenye nyingine, sk2 kwenye kanzidata, halafu AMADH2. Namba nazo ni mbili: Os08g0424500 na LOC_Os08g32870. Msimamizi wangu anataka nitumie "jina sahihi". Lipi ndilo sahihi? Na kwa nini wataalamu wasikae chini wakapatana jina moja, wakaliweka kwenye kanzidata moja, yakaisha? La mwisho: kwenye ikisiri ya Kiswahili naweza kuiita "jeni ya harufu"?

JIBU

Marahaba, binti. Nianze na jibu unaloweza kumpelekea msimamizi wako kesho asubuhi: hayo yote ni jeni moja. Kwenye tasnifu andika BADH2. Unapoitaja kwa mara ya kwanza, weka namba zote mbili pembeni yake na useme kwamba baadhi ya makala zinaiita fgr, sk2 au AMADH2. Baada ya hapo shika BADH2 mpaka ukurasa wa mwisho. Hiyo inatosha kukuvusha. Ila swali lako la pili limenigusa, kwa sababu watu walishakaa chini, wakapatana, na kanzidata wakaijenga.

Tuanze na jeni yako, maana kila jina lake lina kisa.

fgr ni jina la watu wa kuzalisha mbegu. Hao walikuwa hawajaiona DNA ya jeni yenyewe. Walichokuwa nacho ni pua zao. Walichavusha mpunga unaonukia kwa mpunga usionukia, wakapanda kizazi baada ya kizazi, wakahesabu mimea, wakaona harufu inajitokeza pale tu mmea unapoirithi kwa baba na kwa mama. Wakaipa ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya harufu nzuri, kwa herufi ndogo, kama ilivyo desturi kwa sifa za namna hiyo. Mwaka 1992 ikajulikana kwamba inakaa kwenye kromosomu ya 8, lakini ni kama kuambiwa mtu anaishi Kinondoni: mtaa hujui, nyumba hujui. Jina la sk2 ni ndugu wa fgr, nalo limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya punje inayonukia.

BADH2 lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 2005 Bradbury na wenzake huko Australia walisoma DNA ya eneo lile na kukuta jeni inayofanana na zile zinazotengeneza kimeng'enya kiitwacho betaini aldehaidi dihaidrojenesi. Wakaiita kwa kimeng'enya hicho, na namba 2 ikawekwa kwa sababu ndugu yake, BADH1, yuko kwenye kromosomu ya 4. Kasoro ni kwamba mpunga haukusanyi glisini betaini, kitu ambacho kimeng'enya hicho hutumika kutengeneza katika mimea kama mchicha. Jeni imerithi jina la ukoo kwa sura tu, kazi yake ni nyingine. Walipoipima wakaona inapenda zaidi kushughulikia aldehaidi zenye amino, ndipo likaja jina la AMADH2, ambalo kwa ukweli wa kazi linalizidi BADH2.

Kwa hiyo una jina la pua, jina la sura na jina la kazi. Kila moja lilikuwa sahihi kwa aliyelitoa siku aliyolitoa.

Mimi mwenyewe nilishaumizwa na jambo hili. Zamani nikiwa mwanafunzi nilisoma jedwali lililoandikwa "BADH" tu, bila namba. Nikaagiza praima, vipande vifupi vya DNA vya kutafutia jeni, kutoka nje, nikasubiri wiki tano zifike, nikafanya PCR, kipimo cha kunakili kipande cha DNA, usiku kwa kuogopa umeme kukatika mchana. Jeli inayoonyesha vipande hivyo kama mistari ilipotoka ilikuwa nzuri ajabu: mistari yote imelingana kama meno ya kitana, mpunga unaonukia na usionukia. Nilikaa nayo siku mbili nikitafuta tofauti isiyokuwepo, mpaka fundi wa maabara aliponiuliza kwa upole, "Hii si ya kromosomu ya nne?" Ilikuwa ya nne. Wiki tano na fedha za praima ziliondoka na tarakimu moja ambayo mtu hakuiandika.

Sasa hizo namba. Os08g0424500 ni ya mradi wa Japani wa kufasili jenomu ya mpunga, yaani DNA yake yote, unaojulikana kama RAP. Os ni Oryza sativa, 08 ni kromosomu, g ni jeni, kisha tarakimu saba. LOC_Os08g32870 ni ya chuo kikuu cha jimbo la Michigan huko Marekani, na baada ya g ina tarakimu tano. Zote mbili zinasoma jenomu ya mpunga uleule, Nipponbare, ambao mradi wa kimataifa uliochapisha mfuatano wake mwaka 2005 ndio uliouchagua. Herufi za DNA ni zilezile. Kilichotofautiana ni usomaji: makundi mawili yalitumia njia tofauti kuamua jeni inaanzia wapi na kuishia wapi. Kuna mahali kundi moja limeona jeni moja ndefu na jingine limeona mbili fupi, na kuna zilizopo upande mmoja tu. Kwenye tovuti ya RAP kuna kifaa cha kubadilisha namba za huku kuwa za kule. Kitumie, ila ukipata jibu la "moja kwa mbili" usichague kwa macho; fungua ramani ya jenomu uangalie. Na jihadhari na namba za aina ya tatu: kanzidata ya NCBI nayo huanza na LOC, lakini baada yake ni tarakimu tupu, hakuna Os. Nimeshaona wanafunzi wakizichanganya hizo na za Michigan.

Namba hizi zina uungwana mmoja: hazidai kujua jeni inafanya nini. Zinasema inakaa wapi, basi. Na walioziweka walikuwa na akili ya mpima viwanja. Kwenye Arabidopsis, kile kimmea cha maabara cha ukoo wa kabichi na sukuma wiki, jenomu ilipochapishwa mwaka 2000 jeni zipatazo 25,500 zilihitaji vitambulisho kwa mpigo. Ya mwanzo kwenye kromosomu ya kwanza ikawa AT1G01010, inayofuata AT1G01020. Waliruka kumi kumi makusudi, ili jeni ikigunduliwa katikati ipate namba bila kuwasumbua majirani. Anayejua maeneo ambako nyumba zilijengwa kwanza na namba zikaja baadaye ataelewa thamani ya hilo.

Tuje kwenye kupatana. Katika miaka ya 1990 chama cha kimataifa cha baiolojia ya molekuli ya mimea kilikuwa na tume ya majina ya jeni za mimea, na tume hiyo ikawa na kanzidata yake iliyoitwa Mendel, kwa heshima ya yule mtawa wa Brno na njegere zake. Wazo lao lilikuwa kubwa. Jeni zinazofanana vya kutosha katika mimea yote zihesabiwe kuwa familia moja, familia ipewe jina moja, na jina hilo litumike sawasawa kwenye mpunga, mahindi, mhogo na mgomba. Jina kamili lingeanza na kifupi cha spishi, likafuata la familia, kisha namba ya jeni ndani ya familia, yote yakitenganishwa kwa nukta-mkato.

Alama ya kazi yao unaiona mpaka leo, pengine bila kujua. Ukikutana na jeni ya mimea yenye nukta-mkato katikati, kama CYCD3;1, moja ya zile zinazoendesha mgawanyiko wa seli, jua ni matunda ya makala ya mwaka 1996 iliyopanga majina ya jeni za kundi hilo kwa kufuata mwongozo wa tume. Waliohusika walikubali na mpangilio ukadumu. (Nukta-mkato hiyohiyo huvuruga faili za data zinazotenganisha safu kwa nukta-mkato, lakini hayo ni ya kompyuta, si ya tume.)

Mbona basi leo husemi "nimeangalia kwenye Mendel"? Watu wengi hujibu kwamba wanasayansi ni wakaidi. Ukaidi upo, siukatai. Mtu aliyekesha miaka mitatu na jeni haachi jina alilolitoa yeye kwa sababu kamati imekaa. Waliogundua jeni ambayo ikiharibika jani linajaza vitundu vya kupumulia vilivyosongamana waliiita TOO MANY MOUTHS, yaani midomo mingi mno, na nakuhakikishia hakuna kamati ingelifikiria hilo, wala hakuna aliyelisoma akalisahau. Lakini sababu nzito zaidi iko kwenye mimea yenyewe. Jeni za mimea hujirudufu. Mpunga na Arabidopsis waliachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na tangu hapo kila upande umenakili jeni zake kivyake: hapa moja imekuwa tatu, kule mbili zimebaki moja. Ukiipa ya mpunga namba 1 na ya Arabidopsis namba 1, msomaji ataamini ni pacha wakati huenda ni binamu wa mbali. Jina moja kwa mimea yote linaahidi undugu ambao haupo.

Angalia mahali ambapo jina moja lilikubalika bila mzozo: kloroplasti, vile vijisehemu vya seli vinavyolipa jani rangi ya kijani na ambavyo vina DNA yake vyenyewe. Mwaka 1983 Hallick na Bottomley walipendekeza utaratibu wa majina ya jeni za kloroplasti, herufi tatu ndogo na moja kubwa, mtindo uliokuwa ukitumika kwa bakteria tangu miaka ya 1960. Ndiyo maana rbcL ni rbcL kwenye mpunga, kwenye mbuyu na kwenye mwarobaini. Jenomu ya kloroplasti ina jeni zipatazo mia na ushei tu, na kwa sehemu kubwa ni zilezile katika mimea yote ya kijani. Huko majina yalipatana kwa sababu vitu vyenyewe vimepatana.

Kwenye kiini cha seli haiwezekani, kwa hiyo kila zao limejijengea daftari lake. Arabidopsis ina TAIR, mahindi yana MaizeGDB, na mpunga una kamati yake ya majina, CGSNL, iliyochapisha kanuni zake mwaka 2008 na ambayo orodha yake iko kwenye kanzidata ya Oryzabase huko Japani. Kanuni hazifanani kati ya zao na zao, na hapo wengi huteleza. Kwenye Arabidopsis herufi ndogo za mlazo ni mmea wenye hitilafu, na kubwa za mlazo ni jeni nzima. Kwenye mahindi jina la jeni lenyewe huandikwa kwa herufi ndogo. Kwa hiyo tb1 ya mahindi kwa herufi ndogo si lazima iwe imeharibika. Katika yote, protini huandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama.

Hata kile kifupi cha spishi kinachotangulizwa kina mtego. Os ni mpunga, sawa. Ca je? Inaweza kuwa Coffea arabica, kahawa ya Kilimanjaro. Au Capsicum annuum, pilipili hoho. Au Cicer arietinum, dengu. Mazao matatu ya nyumbani, herufi mbili. Kanzidata ya protini ya UniProt imekwepa hilo kwa kutumia herufi tano: COFAR, CAPAN, CICAR. Ndefu kidogo, lakini hakuna atakayekunywa dengu akidhani ni kahawa.

Kwa hiyo kanzidata ya pamoja inafanya nini, kama haileti jina moja? Fungua ukurasa wa BADH2 kwenye Oryzabase. Utakuta alama inayopendekezwa juu, na chini yake majina mengine yote ambayo jeni imewahi kuitwa, pamoja na namba za RAP na za Michigan. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mtu ana jina la nyumbani, jina la cheti, kijiweni wanamwita kwa timu yake, na ana namba ya NIDA. Hakuna anayemwambia mama yake aache kumwita la nyumbani. Kinachotakiwa ni daftari linalosema wote hao ni mtu mmoja, ili barua iliyoandikwa kwa jina la mwaka 1992 imfikie anayesoma leo. Ukitafuta BADH2 peke yake kwenye makala, utakosa kazi zilizoandikwa fgr kabla ya 2005. Tafuta kwa majina yote manne.

Usitegemee pia kwamba daftari litakuwepo milele, au kwamba utalifungua bure. TAIR ilikuwa ikilipiwa na serikali ya Marekani. Fedha hizo zilipofikia mwisho mwaka 2013 ikaanza kuomba ada kwa watumiaji. Weka majina na namba ndani ya tasnifu yenyewe, usiweke kiungo tu na kusema "tazama huko". Taja na toleo la jenomu ulilotumia, kwa sababu namba za mahali hubadilika toleo linapobadilika.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, na ambalo nadhani ndilo litakaloiokoa tasnifu yako: jina la aleli, yaani sura mojawapo ya jeni. Jeni hii haivunjiki kwa namna moja. Kuvunjika kunakojulikana zaidi ni kupotea kwa herufi nane za DNA kwenye eksoni ya 7 (eksoni ni vile vipande vya jeni vinavyobeba maelekezo ya kutengeneza protini), ndiko kulikoripotiwa mwaka 2005. Baadhi ya makala huita kuvunjika huko badh2-E7, nyingine badh2.1, na ndiko kunakopatikana kwenye mipunga mingi inayonukia ya Asia, basmati ikiwemo. Lakini ipo mipunga ambayo imepoteza herufi saba kwenye eksoni ya 2, badh2-E2, nayo inanukia vilevile, na bado kuna kuvunjika kwingine. Praima unazotumia wewe, kama ni zile za kawaida, zinaona la eksoni ya 7 peke yake. Ukipima aina moja ya Kyela usione upungufu huo, usiandike "haina badh2". Andika "haina aleli ya badh2-E7". Sentensi ya kwanza inamwambia msomaji kwamba harufu ya mpunga huo imetoka kwingine, na hilo hujalipima. Tofauti ya jina ni herufi moja, tarakimu moja na kistari, lakini mtahini wa nje akiwa anaijua kazi, hapo ndipo atakaposimama.

Kuna na mtego wa Excel, nao ni mfupi. Kwenye Arabidopsis kuna jeni za maua ziitwazo SEP1, SEP2, SEP3. Bandika orodha hiyo kwenye Excel uone: zinageuka tarehe za Septemba, kimyakimya. Kwa binadamu jambo kama hilo lilikera mpaka mwaka 2020 kamati ya majina ikazibadilisha jina jeni zenyewe. SEPT1 sasa ni SEPTIN1. Ukibeba orodha ya jeni, geuza safu iwe ya maandishi kabla ya kubandika. Ukifanya baada ya kubandika umechelewa, tarehe imeshakaa.

Na kuhusu ikisiri. Alama ya jeni haitafsiriwi, kwa hiyo BADH2 inabaki BADH2 hata kwa Kiswahili. Ila "jeni ya harufu" ningekushauri uiache, na hapa sikosoi lugha, nakosoa maana. Jeni hii ikiwa nzima hutengeneza kimeng'enya kinachoila malighafi ya 2AP, ile kemikali inayonukia kama bisi zikiwa bado moto. Malighafi ikiliwa, 2AP haipatikani na wali unapikwa bila kunukia. Jeni ikivunjika malighafi inabaki, inageuka 2AP, na jirani anajua unapika nini. Walioiita fgr waliipa jeni jina la kile kinachotokea isipokuwepo. Kiswahili hakijafungwa na kosa hilo bado, basi tusilianzishe: andika "jeni BADH2, ambayo ikiwa nzima huzuia harufu ya mpunga". Ni maneno mengi kuliko "jeni ya harufu", na ikisiri yako ina kikomo cha maneno 300, najua. Punguza kwenye shukrani kwa wafadhili.